Mlango Uliobaki Mboko

Anastasie alikuwa amehama mara nne maishani mwake, na mara zote nne alihama mbio. Mara ya kwanza alikuwa na miaka tisa, wakati wa uasi, mama yake alipotwaa jembe begani na kumwacha mbuzi kwenye kamba. Mbuzi yule alilia mpaka wakavuka bonde. Mara ya mwisho, mwaka wa tisini na sita, alivuka ziwa kwenda upande wa Kigoma na watoto watatu, chumvi, na pasi ya makaa. Kambini aliitazama ile pasi akacheka mpaka majirani wa hema wakaogopa, maana hata nguo ya pili ya kupiga pasi hakuwa nayo.

Kwa hiyo binti yake Suzanne alipofika kutoka Baraka, lori limekwishakodiwa, na kumwambia, "Mama, kamio itakuya siku ya ine, uko na siku tatu ya kupanga bintu byako," Anastasie alikubali kwa kichwa, akaingia ndani, na kabla Suzanne hajamaliza chai yake akatoka na furushi moja la kitenge, kandambili mguuni.

"Niko tayari."

"Mama! Siku tatu, nimesema."

"Siku tatu ya kufanya nini?"

Suzanne akaweka kikombe chini. Hakujua acheke au alie. Mama yake alikuwa na miaka karibu sabini na hajawahi kuhama mchana, kwa utulivu, akichagua.

Safari hii aliyemfukuza alikuwa ziwa. Tanganyika ilikuwa imepanda, na si kwa siku moja. Ilipanda mwaka baada ya mwaka. Ilianza kwa migomba, ikafuata choo, halafu jiko la nje, na sasa samaki wadogo waliogelea mahali Anastasie alipokuwa akianika mihogo yake. Nyumba ilitazama barabara ya Uvira na kuligeuzia ziwa mgongo, na ule mgongo ulikuwa umeanza kulowa. Nusu ya Mboko ilikuwa inafunga mizigo.

Kule Baraka, Patrice, mume wa Suzanne, fundi wa moteri za mitumbwi, alikuwa amemjengea mama mkwe chumba kwenye uwanja wake. Jambo hilo si dogo. Mkwe na mama mkwe hawaonani hovyo: hawali pamoja, hawapitani kwenye njia nyembamba, na mkwe hatupi jicho mahali mama mkwe anapolala. Kumweka mama mkwe uwanjani kunataka chumba chenye ukuta mzima, na zaidi ya yote kunataka mlango unaofungwa. Ndiyo maana Suzanne alikuwa amekwisha pima mlango wa Mboko kwa kamba, akaipeleka ile kamba Baraka, na Patrice akajenga kizingiti sawasawa na kipimo. Chumba kilikuwa kinangoja mlango tu.

Na ulikuwa mlango! Mbao za mvule, nene, zilizorandwa na marehemu Casimir, mume wa Anastasie, mwaka waliporudi kutoka kambini. Bawaba alizileta mfukoni kutoka Kigoma, kila upande wa suruali bawaba moja, akitembea kwa mlio kama ng'ombe wa kengele. Ukuta wa mbele aliujenga kwa matofali ya kuchoma na msingi wa mawe. Nyumba nzima ilikuwa ya kawaida, lakini uso wake ulikuwa wa mtu mwenye heshima zake.

Siku ya kwanza na ya pili mama na binti walibishana vizuri. Anastasie alitaka kuacha godoro na kubeba kinu. Suzanne alitaka kubeba godoro na kuacha kinu.

"Baraka iko na mashini ya kusaga, mama. Nani anatwanga?"

"Mi njo ninatwanga."

"Na hiyo mugongo?"

"Mugongo ni yangu."

Kinu kikapanda. Pasi ya makaa, ile ile ya Kigoma, iliachwa kwa jirani bila neno. Picha ya ubatizo, sufuria, jembe, cheti cha darasa la sita kutoka kwa masista, vyote vilipata mahali. Anastasie alikuwa wa pili katika darasa lile, na mpaka leo hukuambia kwamba wa kwanza angekuwa yeye, kama yule mwingine hangekuwa binti wa katekista. Lakini kwa mwandiko hakuna aliyemfikia, hata huyo wa katekista.

Siku ya tatu asubuhi alipanda kwenye stuli akashusha vitu vya kwenye kichanja, juu ya meko: mbegu za mahindi, mbegu za maharagwe, kikapu cha ndakala, dagaa wakavu wa ziwani. Nyuma kabisa kulikuwa na kitu kimefungwa kitambaa. Alikifungua akakipangusa kwa kiganja. Kilikuwa chombo cha maziwa cha mti, chembamba shingoni, cheusi na kinachong'aa, na kifuniko cha ususi chenye ncha ndefu.

Akashuka kwenye stuli, akakaa, na furaha yote ya kuhama mchana ikamtoka.

Chombo kilikuwa cha Mukandori.

Mukandori alikuwa mke wa Ntagwabira, mfugaji wa kule juu milimani, na kwa zaidi ya miaka kumi aliteremka Mboko kila siku ya soko na siagi na maziwa ya mgando, akapanda na chumvi, sabuni na mawese. Siku moja mvua ilimzuia akaomba kulala kwa Anastasie, na tangu hapo hakulala kwingine. Anastasie alimwita Mama Igihozo, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Yeye alimwita Anastasie Mama Suzanne. Waliimba nyimbo za kanisa, huyu za kikatoliki, yule za kiprotestanti, kila mmoja akiona zake ndizo zinazofika mbinguni haraka.

Halafu milima ikawaka: vita vya wafugaji, watu wa Mukandori, na Wabembe wa kando ya ziwa, watu wa Anastasie. Miaka mitano iliyopita, asubuhi moja, Mukandori alifika mbio, mtoto mgongoni, wawili mkononi, na chombo kile kwapani. Ng'ombe hawakuwapo tena. Chombo alipewa na mama yake siku ya harusi, na mama yake alikipata kwa mama yake. Gari la kwenda Uvira lilikuwa linaunguruma barabarani, limejaa mpaka juu, na dereva alipiga kelele kwamba anapakia watu, hapakii vyombo. Mukandori akakitia mikononi mwa Anastasie.

"Mama Suzanne, kaa nayo. Nitakuya kuichukua hapa."

"Utanikuta hapa," Anastasie akajibu.

Maneno mawili tu. Simu Mukandori hakuwa nayo, na mitaa ya Uvira ni mingi. Na tangu siku ile Anastasie alikilinda chombo namna alivyojua, mahali ambapo nyumba ya kando ya ziwa huweka kitu isichotaka kukipoteza: juu ya moshi, pamoja na mbegu. Kila Noeli alikishusha akakipaka mawese, mti usipasuke.

"Tunaibeba, basi," Suzanne alisema. "Ni kintu moja, haina hata uzito."

"Kuibeba si shida. Yeye nilimuambia hapa. Sasa hapa inaondoka."

"Umuachie baba Raphaël."

Raphaël alikuwa jirani, mzee mwenye kazi ya kuchora majina kwenye mitumbwi. Lakini maji yalikuwa yamekwisha fika kwenye kitanda cha Raphaël pia, naye alikuwa anangoja tu mtoto wake ampatie kiwanja upande wa juu wa barabara. Paroko? Hata paroko alikuwa anahamisha viti. Anastasie alifikiri mchana kutwa. Mukandori atateremka siku moja kwenye gari hapo barabarani, akipanga moyoni namna ya kupiga hodi, na atakuta maji. Atasema nini? Atasema alikuwa na rafiki mwenye maneno mazuri.

Kesho yake kamio ikaja. Wanaume wanne wakapanda juu ya paa, wakatoa manjanja, yale mabati, moja moja, yakilia. Wakatoa madirisha. Mmoja wao, Eddy, akaja na bisibisi kwenye mlango.

"Acha hiyo," Anastasie alisema.

"Mama, mulango njo kintu ya kwanza."

"Mulango inabaki."

Suzanne alisikia kutoka nyuma ya kamio, akaja amejishika kiuno. "Inabaki na nani? Nyumba haina paa, haina dirisha. Itafungia nani, mayi ya ziwa?"

Anastasie alimpita. Alikwenda kwenye meko yake ya mwisho, akachagua kaa gumu, akalichonga kwa kisu, akarudi. Akaufunga mlango, akaupangusa kwa pindo la kitenge. Halafu akaandika, herufi kubwa, mistari imenyooka kana kwamba masista bado wamesimama nyuma yake:

MUKANDORI, MAMA IGIHOZO. CHOMBO CHAKO KIPO SALAMA. MAJI YAMENIHAMISHA. NIPO BARAKA KWA PATRICE FUNDI WA MOTERI. UULIZE BANDARINI. ANASTASIE.

"Leta namba ya simu ya bwana yako," akamwambia Suzanne.

"Mama..."

"Namba."

Suzanne akaitaja, sauti chini, mama akaiandika chini ya jina lake. Wabeba mizigo walikuwa wameacha kazi wanasoma. Eddy akajikuna shingo. "Mama, jina ya muntu wa kule juu, unaiandika wazi hivi, kando ya barabara? Batu batasema nini?"

"Batasema Anastasie anajua kuandika."

Raphaël aliyekuwa ameketi ng'ambo alicheka mpaka akakohoa. "Eh, mama! Posta ilikufa mpaka unatuma mulango?"

"Inafika kabla ya posta yako, mzee."

Lakini kamio ilipoondoka Suzanne hakucheka. "Na kule utalala namna gani?" aliuliza, macho mbele. "Patrice anatoka kila asubui na moteri kwa bega. Atakuona uko unavaa?"

Anastasie alikumbatia chombo magotini. Hilo nalo alikuwa amelifikiria.

Huko Baraka walitundika kitenge kwenye kizingiti. Kitenge kizuri, cha maua, na upepo wa ziwa ulikipenda sana. Ulikiinua asubuhi, ulikiinua mchana. Patrice alikuwa kijana wa watu. Alianza kutoka kwa njia ya nyuma, akipita kwenye mwanya wa ua na moteri begani, akijikwaruza, na kabla ya kukaribia hata hatua kumi alikohoa. Akikohoa Anastasie alishika kitenge kwa mikono miwili mpaka nyayo zipotee. Kartie nzima, mtaa mzima, ikajua kikohozi cha Patrice. Wanawake bombani wakauliza kama amepata kifua.

"Banasema nilimuweka mama yangu kama kuku," Suzanne alilalamika.

"Kuku ana mulango," Anastasie akasema. Wakacheka wote wawili, lakini kwa Anastasie ile aibu ilikaa ndani, ilimchoma kila kikohozi. Mwanamke wa umri wake, mwenye cheti, anashikilia kitambaa mlangoni! Na mvua zilipoanza, jambo lingine likamnyima usingizi: makaa hayastahimili maji. Mlango aliouachia heshima yake ulikuwa unaoshwa.

Wiki ya sita akapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Mboko, makaa matatu kwenye mfuko wa plastiki. Ziwa lilikuwa limeubeba ukuta wa nyuma na vyumba vyote. Umebaki ule uso wa matofali, na mlango umefungwa katikati yake, mbele barabara, nyuma maji matupu. Alishuka kwenye moto, akasogea, akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza.

Maneno yalikuwa yamepakwa rangi. Rangi ya buluu, ya mitumbwi, herufi kwa herufi juu ya mwandiko wake, bila kukosea hata nukta.

"Barua hiyo ilikuwa inafutika," sauti ya Raphaël ilisema kutoka ng'ambo. "Na rangi ilibaki kidogo ndani ya kopo. Ningeitupa."

"Wewe ulinicheka."

"Nilicheka, ndiyo. Unafikiri ni kazi rahisi kufuata mwandiko yako? Ile M inataka shule." Kisha akasema polepole, "Bataximan bote wanaisoma, mama. Wanasimamisha moto, wanapiga picha. Moja alitaka kujua kama wewe ni mama ya Mukandori."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia uliza Baraka."

Anastasie aliacha makaa yake pale pale juu ya jiwe akarudi.

Simu ilikuja siku ya Alhamisi, Suzanne akiwa sokoni. Patrice alikuwa ameinama kwenye moteri uwanjani, akapokea, akasikiliza, akasimama. Akatazama kitenge. Akatazama simu. Akasogea hatua tano, akakohoa, akaweka simu juu ya beseni lililofunikwa kando ya kizingiti, sauti imefunguliwa, akageuka akaongea na ukuta wa jirani.

"Kama Suzanne angekuwa hapa," aliuambia ukuta, "angesema kama simu hii ni ya mama, na mama asikie bila wasiwasi, mi ninaenda mbali."

Anastasie akatoa mkono chini ya kitenge, akaivuta simu ndani.

"Alo? Njo kwa Mama Anastasie? Mi ni Igihozo, mutoto ya Mukandori. Tuko Uvira. Batu balitutumia picha ya mulango." Nyuma ya sauti hiyo mtu mwingine alikuwa akilia kwa sauti, bila kujizuia. "Mama iko hapa. Hawezi kuongea. Anasema... anasema nikuulize kama unaimba bado zile nyimbo zako zisizofika."

"Mwambie," Anastasie alisema, "mwambie zinafika. Si unaona?"

Barabara haikuaminika majuma yale, hivyo Mukandori akaja kwa boti, yeye ambaye maisha yake yote aliogopa hata kuvuka mto. Alishuka bandarini Baraka ameshikwa na watu wawili, amekonda, kijivu usoni, na salamu yake ya kwanza kwa rafiki yake ilikuwa kuinama na kutapika.

"Karibu, mvuvi," Anastasie alisema, akamshika kichwa.

Nyumbani hawakungoja hata chai. Anastasie alileta chombo kwa mikono miwili, kimepakwa mawese mapya, kinang'aa kama kiatu cha Pasaka. Mukandori alikipokea kwa mikono miwili vile vile. Alipapasa shingo yake, alipapasa ususi. Akafunua, akaweka pua.

Akaitoa pua.

"Mama Suzanne. Ulikuwa unaiweka wapi?"

"Juu ya meko. Mahali ya heshima. Na mbegu, na ndakala."

"Na ndakala."

"Miaka tano. Hakuna mududu hata moja aliigusa."

Mukandori akapeleka pua tena, taratibu, kama mtu anayetaka kuhakikisha habari. Na hapo Anastasie akakumbuka jambo ambalo alikuwa amelijua siku zote bila kulifikiria: miaka yote ile Mukandori alilala kwake, hakuwahi kuonja samaki. Kwa wazee wa kwao maziwa na samaki havikai nyumba moja. Bibi yake Mukandori asingemruhusu mtu aliyekula samaki hata akiguse chombo kile. Na yeye, Anastasie, alikuwa amekivukiza kwa ndakala miaka mitano, na juu yake mawese kila Noeli. Alikuwa akikilinda, kumbe alikuwa akikiharibu.

"Niliiua," alisema. "Niliacha mulango yangu Mboko, nimekaa hapa kama kuku, na chombo yenyewe niliiua."

Mukandori alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yalitikisika. Anastasie akadhani analia. Alipoinua uso alikuwa anacheka, cheko la kukata pumzi, machozi yakimtiririka mashavuni.

"Chombo ya bibi yangu!" alisema. "Bibi yangu aliyekimbia hata harufu ya ziwa! Sasa imekuwa Mubembe! Tuifundishe kuogelea!"

"Usinicheke."

"Nikucheke aje? Kule nilipotoka hakuna hata kijiko kilibaki. Hii iko nzima." Akafuta macho. "Mti haufi kwa harufu. Tutaiosha kwa mayi moto na jivu. Tutaitia moshi ya majani mazuri, halafu maziwa, tunamwaga. Tena moshi, tena maziwa, tunamwaga. Siku tatu, labda, mpaka isahau."

"Siku tatu," Anastasie alisema. "Boti yako si inarudi kesho?"

"Inarudi," Mukandori akajibu, na alikuwa amekwisha anza kukunja mikono ya blauzi.

Majani waliyakata wenyewe kwenye kilima nyuma ya mji, wakibishana njia nzima. Maziwa aliyatafuta Patrice. Kila asubuhi alikwenda na baiskeli kwa mtu mwenye ng'ombe wawili nje ya Baraka, akarudi, akakohoa, akaweka kidumu mbele ya kitenge, akaondoka kwa njia ya nyuma. Suzanne alipoona maziwa yanamwagwa chini ya mgomba alifumba macho akaingia ndani kwake.

Siku ya tatu jioni, jua bado lipo, Mukandori alimwaga maziwa ya mwisho, akakigeuza chombo, akakikung'uta, akanusa. Uso wake haukuonyesha kitu. Akampa Anastasie.

"Sikia harufu, mwenye nyumba. Wewe njo unajua ndakala."

Anastasie akaweka pua. Akavuta pumzi ndefu. Kulikuwa na moshi mtamu, na nyuma ya moshi, maziwa, baridi na safi, kama asubuhi za soko Mboko wakati Mukandori alipofungua mzigo wake. Ndakala hakuwapo hata kwa mbali.

"Bado," alisema. "Iko kidogo, kule chini."

Mukandori alikipokea, akanusa tena, muda mrefu. Kisha akamtazama mwenzake usoni.

"Ni kweli," alisema. "Bado." Akageukia upande wa ua, akapaza sauti ili mkwe asikie: "Suzanne! Mwambie bwana yako, kesho alete tena maziwa."